Mtambo wa Zama Juu ya Meza

Jioni moja, katika nyumba iliyokuwa Richmond, kitongoji kilicho kando ya mto Thames upande wa kusini magharibi ya London, mabwana kadhaa waliokwisha kula wakashiba walikuwa wamekaa mbele ya moto wakibishana na mwenyeji wao juu ya tabia ya wakati, na mwenyeji huyo, alipoona ya kuwa hoja zake hazipati mtu wa kuzikubali, aliondoka akaenda karakanani kwake, akarejea ameshika kitu cha madini king'aacho, kisichozidi sana saa ndogo ya mezani kwa ukubwa, kilichofanyizwa kwa ustadi wa hali ya juu, na ndani yake mna pembe ya ndovu na jiwe angavu mfano wa bilauri. Akakiweka juu ya meza ndogo ya pembe nane, akawaonyesha tandiko lake na nyenzo zake mbili, mmoja wa kwenda mbele katika zama zijazo na wa pili wa kurudi nyuma, kisha akaushika mkono wa mgeni mmoja ili kidole cha mgeni huyo, wala si chake yeye, ndicho kiusukume ule wenzo. Upepo ukapita, mshumaa mmoja ukazimika, kile kitu kikajizungusha, kikawa kama kivuli, kisha hakikuwapo.

Hivyo ndivyo ajabu inavyoingia katika riwaya ya H. G. Wells iitwayo The Time Machine, iliyochapwa London mwaka 1895, na nimeianza makala hii hapo kwa sababu wengi waisikiapo habari ya kitabu hicho hufikiri mara moja mtambo mkubwa wa kupandwa na mtu, wakasahau ya kuwa mtambo wa kwanza kusafiri katika zama ulikuwa modeli tu, iliyomchukua mwenyewe miaka miwili kuitengeneza. Kwa hiyo mtu wa leo akaaye usiku chini ya taa, kibano mkononi na gundi vidoleni, akiunganisha magurudumu ya saa mbovu ili apate mtambo wa zama unaoweza kukaa katika kiganja, asichekwe kuwa amekishusha kitu kikubwa akakifanya kichezeo, kwani amekirudisha pale kilipozaliwa.

Tena liko jambo la pili ambalo wachezaji wenyewe aghalabu hawalitaji, nalo ni kwamba mwandishi aliyeuwaza mtambo ule ndiye pia anayehesabiwa kuwa baba wa mchezo wa vita vya sanamu kama unavyochezwa katika majumba ya watu hata leo. Michezo ya kufundishia maakida wa jeshi ilikuwako kabla yake, na katika nchi ya Prussia jamaa ya Reisswitz, baba na mwana, waliwapa maafisa wa mfalme mchezo wa ramani na vipande vya kuwakilisha vikosi tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa. Lakini ule ulikuwa darasa, wala haukuwa burudani. Wells, ambaye alikuwa na wana wawili wadogo na sakafu pana, alitoa mwaka 1911 kitabu kiitwacho Floor Games, na mwaka 1913 akatoa kingine, Little Wars, ambamo aliweka kanuni bayana za kupigana kwa askari wa madini: waendao kwa miguu wasogee futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili, na mizinga ipige kwelikweli, kwa maana kulikuwa na mzinga wa kuchezea wenye kamani ndani yake uliorusha kipande cha mti cha urefu wa inchi moja hivi, na askari aliyeangushwa nacho alikuwa amekufa bila ya rufaa. Zamu yenyewe ilipimwa kwa saa, mchezaji asipate kutafakari mpaka usiku wa manane. Tazama jinsi mtu yule alivyokuwa hawezi kuuacha wakati hata akiwa amepiga magoti sakafuni.

Alisema pia katika kitabu hicho, kwa ufupi wa maneno yangu mimi, kwamba vita vidogo vya sebuleni vina fadhila juu ya vile vikubwa, kwa kuwa havivunji miji wala haviwaachi wajane. Na mwaka uliofuata, 1914, sehemu kubwa ya Ulaya ikaingia katika vile vikubwa.

Sasa niueleze mchezo wenyewe kwa msomaji ambaye hajapata kuuona. Meza hutandikwa kitambaa au ubao uliopakwa rangi ya ardhi, ikawekwa vilima, miti na nyumba zilizofanyizwa kwa mkono, na juu yake watu wawili au zaidi huweka sanamu zao ndogo, kila moja imesimama juu ya kitako chake, wakazisogeza kwa kupima na rula na kuamua matokeo ya mapigano kwa kutupa dadu. Wako wachezao vita vya kale vya Warumi, wako wa Napoleon, wako wa majini na majoka. Na liko kundi, si kubwa lakini lenye ghera, lichezalo zama za Malkia Victoria kama zingalivyokuwa lau mafundi wake wangalifaulu katika kila ndoto waliyoiota, yaani mashine za mvuke zitembeazo, merikebu ziendazo angani, na mabwana wenye kofia ndefu wanaosafiri kwenda kwenye Mirihi. Kwa kundi hili mtambo wa zama ni kama kaaba ya sebule: kila mmoja angependa kuwa nao, na ni wachache waridhikao na ule wa dukani.

Kwa nini zama zile hasa? Sababu naiona katika mambo mawili yaliyokutana. Malkia Victoria alitawala tangu mwaka 1837 mpaka 1901, na ndani ya muda huo Mwingereza wa kawaida alinyang'anywa wakati wake wa kijijini, ambao kila mji uliupima kwa jua lake wenyewe, akapewa wakati mmoja wa reli uliotoka Greenwich na ambao sheria iliuthibitisha kwa nchi nzima mwaka 1880; na papo hapo wanajiolojia na Charles Darwin wakamwambia kwamba nyuma yake hakuna miaka elfu chache tu bali dahari isiyo na ukomo. Wakati ukawa kitu cha kupimwa kwa mashine, tena kitu kirefu cha kutisha. Wells alisoma elimu ya viumbe kwa T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin, na aliyekalia darasa lile katika nchi ile ya magari ya moshi hakuwa mbali sana na kuuliza: ikiwa wakati ni njia, basi gari lake li wapi?

Fundi wa modeli hukabiliwa kwanza na hiari moja kubwa, nayo ni kuufuata mtambo wa kitabu au ule wa filamu. Wa filamu ni ule wa George Pal wa mwaka 1960, uliopandwa na mwigizaji Rod Taylor, na umbo lake limewakaa watu machoni kiasi cha kuwa wengi hawajui ya kuwa liko jingine: ni mfano wa gari la kuteleza juu ya theluji, kiti chake kipana chenye kitambaa chekundu kinafanana na kiti cha kinyozi, na nyuma yake limesimama duara kubwa kama ngao ambalo huzunguka mtambo unapokwenda. Filamu ile ilipewa tuzo ya Oscar kwa ufundi wake wa kudanganya macho. Mtambo huo ni mzuri, sikatai, na anayeufuata hapati taabu ya kueleza kwa wageni amefanya nini.

Wa kitabu ni shauri jingine kabisa, kwa sababu Wells, kwa hila ya mwandishi ajuaye kazi yake, hakuueleza. Ametupa vipande: sehemu nyingine ni za nikeli, nyingine za pembe, nyingine zimekatwa kwa tupa na msumeno katika jiwe la bilauri, iko mihimili ya shaba, viko vijiti angavu vilivyosokotwa, na ziko nyuso za kuhesabia, moja ya siku, moja ya maelfu ya siku, moja ya mamilioni na moja ya maelfu ya mamilioni. Mtu hukaa juu ya tandiko. Hilo neno tandiko ndilo lililonipa ufunguo nilipoanza kuunda wangu, kwani miaka ile ya 1890 ndiyo iliyokuwa miaka ya baiskeli kule Uingereza, tangu John Kemp Starley atoe baiskeli yake ya magurudumu mawili yaliyo sawa mwaka 1885, na Wells mwenyewe alikuwa mpanda baiskeli aliyeandika riwaya nzima juu ya raha hiyo mwaka 1896. Msafiri wake wa zama hakai kama sultani kitini; ameinama mbele, nyenzo mkononi, upepo usoni, na huyumba akaribie kuanguka. Hata siku alipowasili katika mwaka 802,701 alirushwa kichwa mbele na mtambo ukapinduka. Tangu kulifahamu hilo sijapata kuvutwa tena na kiti chekundu.

Kipimo kinachotumika sana katika michezo hii ni cha milimita 28, na maana yake ni kwamba kutoka nyayo mpaka macho ya sanamu iliyosimama wima pana milimita 28, jambo ambalo ukilihesabu huleta uwiano wa karibu moja kwa 56. Nawasihi wanaoanza wasiliruke somo hili la hesabu ingawa ni kavu, kwa kuwa modeli nyingi huharibika hapa kabla gundi haijafunguliwa. Mtambo wa urefu wa mita mbili na nusu utakuwa na milimita 45 tu, yaani kidogo kuliko kiberiti. Tandiko lililoinuliwa sentimita 90 kutoka chini litakaa juu kwa milimita 16. Uso wa kuhesabia siku, wenye upana wa sentimita 10 au 11, utakuwa milimita mbili, na mpini wa wenzo wenye unene wa kushikika kwa mkono wa mtu utakuwa nusu ya milimita, ambayo ni unene wa waya mwembamba.

Mimi niliyeyaandika haya sikuyajua mara ya kwanza, na nilipotaka nyenzo nyeupe, kwa kuwa katika kitabu zinatajwa kuwa nyeupe, nilichukua pini mbili za mshonaji zenye vichwa vya ushanga mweupe, nikazichomeka kwa furaha nyingi. Na nilipomkalisha msafiri wangu tandikoni nikaona ameshika dafu kwa kila mkono. Ushanga wa milimita tatu, ukizidisha mara 56, ni karibu sentimita 17. Niliutupa mtambo ule wote.

Magurudumu nilimwendea fundi saa mmoja, mzee mwenye kibanda chembamba na kopo la saa zilizokwisha kufa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Aliniuliza ninataka kutengeneza saa ya namna gani, nikamjibu, nikidhani ninafanya mzaha, "Ya kwenda kesho, mzee." Akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Zangu zote mwanangu huenda kesho. Taabu ni kuwa hazina haraka." Akanipa kopo zima kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Fungua saa moja ya zamani ya kutiwa ufunguo nawe utaona hazina: magurudumu ya shaba yenye meno laini kuliko mkono wowote uwezavyo kuchonga, kamani iliyojiviringa, skurubu zisizoshikika kwa vidole, akrabu za chuma kilichotiwa rangi ya samawati, na vibamba vilivyotobolewa kwa ajili ya vito. Gurudumu la milimita nane, likipelekwa katika kipimo chetu, ni gurudumu la sentimita 45, ambalo ni la kuaminika katika mashine ya kumbeba mtu mmoja. Lakini hapa pana mtego. Uzuri wa magurudumu humlevya fundi mgeni, naye huyapachika kila mahali penye nafasi, juu ya kiti, chini ya kiti, ubavuni, mfano wa puluki juu ya kanzu ya bibi arusi, na mtambo ukawa hauna tofauti na kopo la fundi saa lililomwagika. Rai yangu ni kwamba gurudumu lisilouma meno ya mwenziwe halina haki ya kuwapo. Chukua machache, matatu au manne, uyapange hata jicho la mtazamaji liweze kufuata nguvu inakotoka na inakokwenda: wenzo unasukuma kijiti, kijiti kinazungusha gurudumu dogo, dogo linazungusha kubwa, kubwa linapeleka mzunguko katika vile vijiti vya bilauri vilivyo chini ya tandiko, ambako mambo yasiyojulikana hutokea. Mtazamaji hatakuuliza mtambo unakwendaje, maana amekwisha kuona kwamba unakwenda. Wells alifanya vivyo hivyo kwa kalamu: alieleza wenzo na tandiko kwa uangalifu, akanyamaza juu ya yaliyobaki.

Kiunzi ni waya wa shaba wa unene wa robo tatu ya milimita au zaidi kidogo, ambao kwa kipimo chetu ni bomba la sentimita nne na kitu. Ukunje kwa koleo juu ya msumari au kalamu ya risasi ili mapindo yawe ya duara, wala usiukunje kwa vidole vitupu kwani utapata viwiko. Kwanza chora mtambo wote katika karatasi kwa ukubwa wake hasa, ukilaze kila kipande juu ya mchoro. Mwenye kujua kulehemu alehemu, na asiyejua atumie gundi ile kali ishikayo kwa nukta chache, akikumbuka ya kuwa gundi hiyo haichagui kati ya shaba na ngozi ya binadamu, na kwamba moshi wake hautakiwi machoni. Dirisha liwe wazi. Tandiko hufanyizwa kwa udongo wa kemikali uuzwao vipande viwili, ambao ukikandwa pamoja huanza kugeuka jiwe katika muda wa saa chache, nao hupokea alama ya sindano vizuri, hata ukaweza kuitia ngozi ya tandiko mishono yake.

Vijiti vya bilauri ndivyo vilivyonipa furaha kuliko vyote. Katika makasha ya ndege za plastiki za kuunganisha, vioo vya rubani huja vimeshikana na kiunzi cha plastiki angavu ambacho watu hukitupa. Kata kipande, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa pasipo kukigusisha, na kinapoanza kulegea kivute polepole huku ukikisokota kwa vidole, kisha kishike bila kukitikisa mpaka kipoe. Utapata uzi mnene wa kioo wenye msokoto ndani yake, unaopokea nuru na kuivunja. Vingi vitakatika. Vitatu vikisalimika vinatosha.

Nyuso za kuhesabia ni karatasi nyeupe iliyotobolewa kwa ncha ya sindano nene ya mshonea magunia, ikatiwa vistari viwili vitatu vya wino, kisha tone la vanishi likawekwa juu likauke na kuwa kioo. Hakuna asomaye kilichoandikwa humo, lakini ziwe nne, si tatu.

Na pembe? Hapa nimesimama kidogo, kwa kuwa msomaji wa pwani hawezi kuipita pembe ya ndovu ya Mwingereza wa mwaka 1895 kama apitavyo nikeli yake. Vishikizo vya visu vya Mwingereza huyo, mipira yake ya biliadi na vibao vyeupe vya piano yake vilitoka, kwa sehemu kubwa, katika forodha ya Unguja, soko kuu la pembe la Afrika ya Mashariki katika karne ile, na pembe hizo zilifika Bagamoyo na bandari nyingine za mrima juu ya mabega ya wapagazi waliotembea miezi mingi kutoka nchi za maziwa makuu. Wells hasemi msafiri wake aliipata wapi pembe ya mtambo wake. Alikwenda dukani bila shaka, kama sisi twendavyo kununua gundi. Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani mjini Unguja kwa muda usiotimia saa moja, na mamia ya watu wakauawa na kujeruhiwa. Mashine za zama za Victoria hazikuwa zote za sebuleni, na mchezaji azichezaye vema anapaswa kuwa na habari hiyo katika kichwa chake wakati anapopaka rangi vifungo vya shaba. Pembe ya kweli, basi, haitakiwi, na biashara yake kati ya mataifa ilipigwa marufuku kwa mkataba mwaka 1989. Rangi ya maziwa iliyotiwa tone la manjano, juu yake ukapitishwa maji ya rangi ya kahawia mepesi mno, hudanganya jicho kabisa.

Katika kupaka rangi kwa jumla, kanuni ni ile ile ya sanamu nyingine: rangi ya msingi nyeusi kwanza, kisha rangi za madini, kisha maji ya kahawia yaingie katika mifereji na kuleta vivuli, kisha brashi kavu iliyofutwa rangi karibu yote ipitishwe juu ya kingo ili zing'ae. Waya wa shaba usiupake, uusugue tu kwa msasa laini. Lakini liko swali ambalo ni zito kuliko rangi yenyewe: mtambo wako uko kabla ya safari au baada yake? Wells ametupa hali zote mbili. Kabla ya safari unang'ara na haujakamilika. Baada ya safari msimulizi aliuona kwa nuru ya taa una madoa ya kahawia juu ya pembe, una vipande vya majani na kuvu katika sehemu za chini, na mhimili mmoja umepinda. Fundi gani atakayepewa maelezo mazuri kama hayo akayaacha? Pinda mhimili mmoja, mmoja tu, kwa koleo. Dondosha madoa kwa ncha ya brashi. Na katika miguu ya mtambo bandika nyuzi za majani makavu yaliyosagwa. Wengi hupinda kila kitu wakapata chuma chakavu, ilhali mhimili mmoja uliopinda kati ya iliyonyoka husema kwamba jambo limetukia.

Kitako cha duara cha milimita 60 kinatosha, nacho kipakwe gundi nyeupe ya maseremala na kumwagiwa mchanga uliochekechwa. Nilitaka wangu usimame juu ya sakafu ya mbao ya karakana ya Richmond, nikaacha, kwa sababu mezani mtambo huonekana zaidi katika bustani za mwaka 802,701 kuliko kwao.

Katika mchezo wenyewe mtambo aghalabu huwa ndicho kitu kinachogombewa: pande mbili huingia mezani kutoka pembe zinazokabiliana, na ashindaye ni yule ambaye zamu ya mwisho inamkuta ameushika. Kanuni za namna hiyo zinatosha kwa jioni moja, lakini huutumia mtambo kana kwamba ni kasha la dhahabu, na kasha la dhahabu lingetengenezwa kwa dakika tano. Ninayoipenda mimi nimeitoa katika jambo moja la kitabu ambalo wasomaji wa haraka hulipita. Msafiri alipokuwa hayupo, wale Morlocks waishio chini ya ardhi waliukokota mtambo wake wakautia ndani ya kitako cha sanamu kubwa nyeupe, wakausafisha na kuutia mafuta; naye alipoupanda humo humo akarudi kwao, aliukuta umesimama upande mwingine wa karakana, mbali na ulipoondokea, kwa umbali ule ule uliokokotwa. Maana mtambo ule huvuka zama tu, mahali hauvuki hata hatua moja. Kwa hiyo twatandika meza mbili, moja ya karakana na moja ya bustani, zenye ukubwa sawa, na kila inchi ambayo Morlocks waukokota mtambo katika meza ya pili huhesabiwa katika ya kwanza. Wakiufikisha pembeni, basi huko Richmond mahali hapo pana ukuta, au pana meza ya chakula na wageni wameikalia. Anayecheza Msafiri hufahamu kwamba adui yake anampigania mahali pa kutokea kwake, na mara nyingi huchelewa kufahamu.

Nimesahau kusema neno moja juu ya zile nyenzo. Msafiri, alipowasili, alizifungua akazitia mfukoni, pasiwe na mtu wa kuuendesha mtambo naye hayupo. Katika modeli yangu ya pili sikuzitia gundi. Nilitoboa tundu mbili za nusu milimita kwa keekee ya kushika kwa vidole, nikazifanya za kuchomekwa na kuchomolewa, na kila mchezo ukiisha huzitia katika kiberiti kitupu. Mjukuu wangu alikifungua juzi akidhani mna njiti. Ule wa kwenda mbele umeonekana chini ya mkeka. Wa kurudi nyuma mpaka leo tunautafuta.